Vyuma vya Mpingo

Saa nne kamili asubuhi Sesilia wa mapokezi aligonga glasi kwa kijiko, na ofisi nzima ikasimama.

Ilikuwa ofisi ya watu saba tu, ghorofa ya pili, pale Mwenge. Kazi yao ilikuwa kupima viwanja na kuchora ramani. Mgeni ambaye angepanda ngazi saa hiyo angeweza kugeuza akajiendea zake, maana angekuta watu wazima saba, wengine na tai shingoni, wamesimama nyuma ya viti vyao, kila mmoja na vipande viwili vya mti mweusi mikononi, wanainua na kushusha. Walifanya hivyo mara mbili kwa siku, saa nne na saa tisa, dakika kumi kumi, na bosi wao Leodegar, mtu wa Mbinga asiyetaka mchezo na saa za kazi, alikuwa akiinua pamoja nao.

Mwanzilishi alikuwa Mudathir, mchora ramani. Mwaka juzi Sesilia alishikwa shingo kwa kukaa kutwa, hageuki kulia wala kushoto. Mudathir akavuka barabara kwenda kwa wachonga vinyago, kwa fundi Bakari, akarudi na jozi saba za vyuma vya mazoezi vilivyochongwa kwa mpingo. Waliviita vyuma ingawa vilikuwa mti mtupu. Kila kimoja kilikuwa na kiuno chembamba cha kushikia na vichwa viwili vya mviringo, uzito kilo moja. Mpingo ni mti mzito, ukiutia majini unazama, na ule wa fundi Bakari ulikuwa mpingo wa kweli.

"Moja!" Sesilia alihesabu. "Mbili! Bosi, mkono haujanyooka huo. Tatu!"

Raudha hakuwa akiiangalia mikono yake. Alikuwa akimwangalia Mudathir, meza ya tatu kutoka dirishani, shati la bluu, uso mtulivu. Mwaka jana, alipoanza kazi ya masjala, kiwiko chake kilikuwa kikianguka kila akifika sita. Mwanaume mwingine angemshika mkono na kusingizia mazoezi. Mudathir alichukua rula yake ya kuchorea, ile ndefu ya chuma, akaipitisha chini ya kiwiko cha Raudha na kukinyanyua taratibu mpaka usawa wa bega.

"Hapo," alimwambia. "Usikishushe."

Hakumgusa hata kwa ukucha. Raudha alirudi kwao Temeke siku ile kiwiko kinamwaka moto, na hakupona tena. Zikaja meseji, zikaja chai za saa nne, ikaja barua ya posa. Keshokutwa, Jumamosi, wazee wa Mudathir walikuwa wanatoka Kimbiji kuja kupokea jibu, na jibu lilikuwa tayari: ndiyo.

"Kumi na mbili! Pumzikeni."

Mudathir alikuwa wa kwanza kuweka vyuma chini. Alikuwa na mtindo wa kuvishika kwa leso, kila kimoja na leso yake. Viganja vyangu vina jasho, alisema, na hakuna aliyemuuliza zaidi. Sesilia akaleta chai. Mudathir akanyoosha mkono wa kushoto, akachukua kikombe.

"Kushoto tena?" Raudha alimnong'oneza. "Mtoto wa mwalimu wa madrasa, unakunywa kwa kushoto?"

"Wa kulia niliulalia vibaya."

"Wiki ya ngapi hii unaulalia vibaya?"

Mudathir alicheka kidogo, lakini macho hayakucheka. Raudha aliliona hilo. Kitu kikamgusa chini ya moyo, kidogo tu, na kwa kuwa alikuwa na furaha akakisukuma pembeni. Simu yake ikaita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Saa tisa nakupitia hapo kazini, twende Kariakoo tukachukue vitambaa vya Jumamosi. Muombe bosi wako ruhusa. Na huyo mkwe wangu nataka nimuone tena."

"Si ulishamuona, shangazi?"

"Nilimuona kabla sijaenda kwao. Sasa nataka nimuone baada ya kwenda."

Huyo ndiye Mwanabaraka, dada mkubwa wa baba yake. Katika ukoo ule barua ya posa haijibiwi mpaka shangazi mkubwa afunge safari kwenda kwao muoaji, akae siku tatu, aulize misibani na mashambani: hawa watu wana nini? Wana ugonjwa gani unaotembea ndani ya damu? Bi Mwanabaraka alikwenda Kimbiji mwezi uliopita. Alirudi na mihogo nusu gunia na maneno mazuri. Watu wa dini, watu wa watu, baba wa kijana alipooza kwa kuanguka mnazi, Mungu amrehemu. Alisimama mbele ya baba yake Raudha na kusema, mie nabeba dhamana. Neno lake pale nyumbani halikuwa likirudiwa.

Saa saba mchana Mudathir akashuka kwenda msikitini, wengine wakaenda kula. Raudha alibaki na kichupa chake cha mafuta ya nazi. Kila Alhamisi alivipaka vyuma vyake mafuta ili mti usipasuke, na leo alijisikia kupaka na vya mwenzake. Jumamosi jibu, alijiambia, kisha ndoa, halafu hata soksi zake zitakuwa kazi yangu. Alikwenda meza ya tatu kutoka dirishani akiimbaimba, akakinyanyua chuma kimoja.

Mkono wake ulipanda ghafla mpaka nusura ajigonge kidevu. Alikuwa amejiandaa kwa kilo moja na mkono ukakuta kitu chepesi kama kijiti cha kuchokolea jiko. Alikigeuzageuza. Rangi ileile, umbo lilelile. Akatia tone la mafuta kwenye kitambaa, akasugua, na kitambaa kikawa cheusi. Chini ya weusi ukatokea mti mweupe, mti wa hovyo. Harufu aliijua. Ilikuwa dawa ya viatu.

Raudha alikuwa mtu wa kutenda kwanza na kufikiri baadaye, hata mama yake alimwambia hivyo mara kwa mara. Alicheka peke yake.

"Wamempiga!" alisema kwa sauti. "Mtoto wa pwani mzima, wamempiga kama mtalii!"

Hakujiuliza mtu anawezaje kuinua kitu chepesi hivyo mara mbili kwa siku asitambue. Alikitia kile chuma kwenye mkoba, akashuka ngazi mbili mbili na kuvuka barabara.

Fundi Bakari alikuwa amekaa kwenye kigoda, amezungukwa na maganda ya mti, tezo mkononi. Alimuona Raudha akatabasamu.

"Karibu, bi harusi."

"Shikamoo fundi. Sijaja kwa uzuri." Alikitoa chuma na kukiweka juu ya gogo. "Nini hii? Mtu anakuletea ofisi nzima, jozi saba, na yeye mwenyewe unamchongea mti wa maboksi unampakia dawa ya viatu? Huoni hata haya?"

Wachongaji wa jirani waliacha kupiga tupa. Bakari alikishika chuma, akakipima kiganjani, akautazama weusi uliobaki kwenye vidole vyake.

"Hiki nani kakupa?"

"Nimekitoa mezani kwake."

"Yeye anajua umekileta huku?"

"Atajuaje? Maskini anakiinua kila siku anadhani mpingo!"

"Binti, kaa."

"Sikai."

"Basi simama, ila punguza sauti." Bakari aliweka tezo chini. "Mie nimeanza kazi hii hujazaliwa. Sijamuuzia mtu mti wa kupaka, awe mweusi awe Mzungu. Hiki aliniagiza mwenyewe."

Raudha alikitazama chuma mkononi mwa fundi.

"Mwezi wa kwanza alikuja na vyake vya mpingo. Fundi, vitoboe ndani, vipungue uzito. Nikatoboa, nikaziba. Mwezi wa nne karudi. Bado vizito, fundi. Nikatoboa mpaka mti ukabaki ganda. Mwezi wa saba kaja tena, kaniambia nichongee vingine, umbo hilihili, mti mwepesi kuliko wote ulionao. Nikamwambia rangi mie sipaki. Akasema, chonga tu, rangi niachie."

"Kwa nini?"

"Nilimpa ajaribu hapohapo ulipo. Wa kushoto ulipanda vizuri." Bakari alikohoa. "Mengine muulize yeye."

"Fundi."

"Muulize yeye, mwanangu. Ila siku ile kabla hajaondoka aliniuliza kama naweza kuchonga kijiko chenye mpini mnene, cha mtu ambaye vidole haviwezi kukunja. Nikamuuliza cha nani. Akasema cha kaka yake."

Raudha alirudi kwa mguu uleule, lakini ngazi alizipanda moja moja. Jua la saa nane lilikuwa kali, watu walikuwa wanacheka barabarani, na yeye alikuwa anasikia baridi mgongoni.

Mudathir alikuwa amesharudi. Alikuwa peke yake kwenye chumba cha ramani, ameinamia kiwanja cha mtu huko Madale, kalamu mkono wa kulia na mkono wa kushoto umeushika ule wa kulia kwenye kifundo, unauongoza. Raudha alisimama mlangoni akautazama ule mchezo kwa muda. Kisha akaingia, akaweka chuma katikati ya ramani.

Mudathir alikiona. Akaona na kiganja cheusi cha Raudha.

"Umekwenda kwa Bakari," alisema.

"Nimekwenda kumgombeza. Nilidhani kakuibia. Soko zima linaniangalia, mie nabwata kwa niaba yako. Kumbe mjinga wa soko ni mie."

"Rau..."

"Usiniite Rau. Nyanyua mkono."

"Raudha, kaa kwanza."

"Wa kulia. Sikupi chuma, mtupu tu. Nyanyua."

Mudathir aliweka kalamu. Mkono ulipanda mpaka kifuani, ukapanda mpaka karibu na bega, kisha mwili wake wote ukaegemea kushoto ili kuusaidia. Pale ulipofika ukaanza kutetemeka. Aliushusha na kuuficha chini ya meza, na Raudha aliona aibu usoni mwake, aibu ambayo hajawahi kuiona kwa mtu mzima.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja. Vilianza vifungo vya shati. Nikadhani baridi."

"Sasa unadhani nini?"

"Baba ilimwanzia hapohapo. Mkono wa kulia."

"Baba yako alianguka mnazi."

Mudathir aliitazama ramani.

"Mudathir, baba yako alianguka mnazi. Shangazi yangu kakaa Kimbiji siku tatu. Kaambiwa na watu wanne, kila mmoja kwa wakati wake."

"Baba hajapanda mnazi maisha yake yote. Alikuwa anaogopa hata kupanda kwenye kiti."

Raudha alivuta stuli akakaa.

"Mama alipita nyumba kwa nyumba kabla shangazi yako hajafika," Mudathir aliendelea, sauti ya chini. "Aliwaomba. Watu wanatupenda, Raudha. Walidhani wanatusaidia."

"Na kaka yako? Si yuko Mtwara, korosho?"

"Hayuko Mtwara. Yuko nyumbani, chumba cha uani. Mikono haifanyi kazi, na sasa miguu. Shangazi yako alilala ukuta wa pili siku zote tatu. Walimuomba kaka asikohoe."

Nje mtu alipiga honi, mwingine akamtukana. Raudha alijaribu kumfikiria mtu huyo gizani, anakaba kikohozi chake ili mdogo wake aoe. Machozi yalimtoka, na hakujua yalikuwa ya nani, ya kaka mtu au yake mwenyewe.

"Umekwenda hospitali?"

"Zahanati. Wakaniandikia barua niende kwa madaktari wa mishipa ya fahamu."

"Iko wapi?"

"Kwenye droo."

Raudha aliivuta. Barua ilikuwa chini ya kopo la dawa ya viatu, imekunjwa mara nne, haijaguswa. Tarehe ilikuwa ya miezi minne nyuma.

"Kwa nini hukwenda?"

"Kwa sababu nikienda nitajua."

"Ulitaka ujue lini?"

"Nilitaka Jumamosi ipite. Halafu ndoa ipite."

"Halafu?"

"Halafu ningekwambia."

"Nikiwa mke wako tayari."

Mudathir alimtazama. Hakutafuta neno la kujificha nyuma yake, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Ndiyo," alisema. "Nikiwa nimeshakupata."

"Kila saa nne umesimama hapo unainua maganda, mie nakutazama naona raha! Najiambia, Mungu kanipa mwanaume. Ulikuwa unaniigizia?"

"Sikuwa naigiza kwamba nakupenda."

"Sijakuuliza mapenzi!" Aligonga meza, kalamu ikaruka. "Ungeniambia mwaka jana ningekuchagua. Na mkono wako, na baba yako, na huyo kaka yako mliyemfungia uani. Ningekuchagua, mpumbavu wewe! Sasa sijui. Hukunipa nafasi nikuchague, ulinitegea tu nianguke. Na watoto? Watoto uliwafikiria?"

"Kila siku."

"Ukaamua nini?"

"Sikuweza kuamua. Nikifika kwenye watoto naacha kufikiri, narudi kukufikiria wewe. Nimekosa, Raudha. Ukiniacha, nitasema mie ndiye nimekataa. Jina lako halitaguswa."

Laiti angejitetea. Laiti angemlaumu mama yake, Raudha angepata pa kutolea hasira na akaondoka. Lakini alikuwa amekaa pale, ameuficha mkono wake chini ya meza kama mtoto aliyevunja sahani, na Raudha alimpenda kwa uchungu uliomkata pumzi.

"Sikiliza," alisema, akafuta uso kwa ncha ya mtandio. "Kesho asubuhi tunakwenda na hii barua. Mie na wewe. Watatuambia watakachotuambia. Tukitoka hapo nakwenda kwa baba, namwambia yote kwa mdomo wangu, kabla wazee wako hawajafika."

"Watakataa."

"Wakatae wakijua. Wakikubali hawajui, hawajakubali kitu. Na shangazi ndiye wa kwanza kuambiwa, kwa sababu ameapa kwa ajili yenu."

"Leo usimwambie. Nipe mpaka kesho. Nataka nimwambie mwenyewe, nimesimama mbele yake."

Raudha alifikiri. Lilionekana jambo dogo, saa ishirini na nne tu.

"Leo simwambii," alisema, akakichukua kile chuma na kukirudisha kando ya mwenzake, meza ya tatu kutoka dirishani.

Bi Mwanabaraka alifika saa tisa kasorobo, buibui jeusi, harufu ya udi imemtangulia mlangoni. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, mwepesi wa miguu, na macho yake yalikuwa yanakaa juu ya kitu mpaka kimalize kusema. Leodegar akampa kiti mwenyewe. Mudathir alitoka chumba cha ramani, akainama.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mkwe. Umekonda."

"Kazi, shangazi."

"Kazi," Bi Mwanabaraka alirudia polepole.

Sesilia, ambaye hakujua lolote na alikuwa na furaha ya watu wote, aligonga glasi. "Saa tisa! Mama, leo utaona ukichaa wetu. Huyo mkwe wako ndiye katutia wazimu huu."

"Raudha aliniambia. Kwa hiyo mkwe wangu mbeba vyuma." Bi Mwanabaraka alisimama. "Hebu nione, vikoje?"

Alikwenda moja kwa moja meza ya tatu kutoka dirishani. Mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa. Raudha aliona vidole vile vyenye hina vikikaribia ule mti mwepesi, na hakufikiri. Alifika kabla yake, akasimama katikati, akamwekea mikononi vyuma vyake yeye, vile vya kweli.

"Vyake hivi hapa, shangazi. Nilivichukua nikavipaka mafuta."

"Uuuh!" Bi Mwanabaraka aliinua kimoja, akacheka. "Mizigo hii! Mie nilidhani mchezo wa kitoto."

"Kilo moja kila kimoja, mama," Sesilia alisema kwa fahari.

Raudha alishusha pumzi. Amepona, alijiambia, tumepona. Alivichukua vile vyepesi mezani na kuvibana kifuani, akageuka kwenda mahali pake, na hapo ndipo aliposikia sauti ya shangazi yake nyuma.

"Haya mkwe, shika vyako. Nioneshe."

Mudathir alimtazama Raudha. Halikuwa jicho la lawama. Lilikuwa jicho la mtu anayeaga. Akanyoosha mikono, akapokea mpingo kamili, mzigo ambao hajaushika tangu mwezi wa kwanza.

"Pembeni mpaka usawa wa bega," Sesilia alitangaza. "Moja!"

Mikono yote miwili ilipanda.

"Mbili!"

Ilipanda. Jasho lilitokeza juu ya midomo yake.

"Tatu!"

Wa kushoto ulifika. Wa kulia uliishia mbavuni, ukabaki unatetemeka, na bega likapanda badala yake.

"Nne..." Sesilia alisema, na sauti ikamwishia njiani. Wengine waliacha kuinua, mmoja mmoja.

"Mudathir, pumzika bwana," alisema Leodegar.

"Aendelee," alisema Bi Mwanabaraka.

Hakusema kwa ukali. Alikuwa ameusogelea ule mkono, anautazama kuanzia bega mpaka vidole, na rangi ilikuwa imemtoka usoni. Mkono ulijaribu mara moja zaidi. Vidole vikafunguka vyenyewe, na chuma kikaanguka sakafuni kwa kishindo kilichosikika mpaka ghorofa ya chini. Kilibingirika mpaka kwenye mguu wa kabati.

"Kule kwenu," Bi Mwanabaraka alianza, "usiku wa pili nilisikia mtu anakohoa chumba cha uani. Kikohozi kimoja, kikakatwa. Asubuhi nikauliza, nikaambiwa mbuzi. Mbuzi! Nami nikakubali. Nilikuwa nampenda huyu mtoto, nilitaka aolewe na mtu mwema, nikakubali mbuzi."

"Shangazi," Mudathir alisema, "mwenye kosa ni mie. Nilitaka kesho..."

"Nyamaza, baba." Alisema kwa upole, kama anayeongea na mgonjwa. Akamgeukia Raudha, akamtoa chuma kimoja kifuani. Kilimpanda mkononi kama kilivyompanda Raudha mchana. Akakitazama, akaushika mkono wa Raudha, akakifungua kiganja na kuuona weusi.

"Ulijua?"

"Nimejua leo, shangazi. Saa nane."

"Na saa tisa umeshanidanganya."

Bi Mwanabaraka alitoa simu kwenye mkoba, akavaa miwani yake, akalitafuta jina la mdogo wake.

"Nampigia baba yako. Mie ndiye niliyebeba dhamana, mie ndiye wa kuitua. Chukua mkoba wako uje usimame huku kwangu kabla hajapokea. Nikishamwambia, itakuwa kama hukuwahi kuwa upande ule."

Simu ilianza kuita. Raudha alitazama mkoba wake juu ya kiti. Hatua tatu tu. Aliuona na mlango, na ngazi, na Kariakoo na vitambaa vyake, na maisha marefu yasiyo na vijiko vya mpini mnene. Aliogopa, na hakujidanganya kwamba haogopi.

Akaenda kwenye kabati, akainama, akaokota chuma cha mpingo. Akarudi nacho mpaka alipokuwa amesimama Mudathir, akamfungua vidole kimoja kimoja, akakiweka, akavikunja tena juu yake. Rula ndefu ilikuwa palepale mezani. Hakuichukua. Alipitisha kiganja chake mwenyewe chini ya kiwiko cha Mudathir, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, mbele ya watu wote.

"Raudha, usifanye hivi," Mudathir alinong'ona.

"Nyamaza. Usikishushe."

Mkono ulikuwa wa moto. Chini ya kitambaa cha shati aliisikia nyama ikichezacheza, ikirukaruka yenyewe bila kuamriwa na mtu, na akajua kwamba haitaacha, leo wala kesho watakapotoka kwa daktari. Alinyanyua mpaka usawa wa bega.

"Tano," alisema.

Simu ilipokelewa. Sauti ya baba yake ilisikika hadi pale, ndogo, yenye uchangamfu wa mtu anayesubiri wageni Jumamosi. "Haloo? Dada? Haloo?" Bi Mwanabaraka alikuwa ameishika simu sikioni, anawatazama wale wawili, mdomo wazi, bila kutoa neno.

"Sita," alisema Raudha.